Mtakatifu Ana Asiye na Uso

Emérence Kavugho alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, katika nyumba ambamo sauti ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya tezo likila mti. Baba yake, mzee Syauswa, alichonga viti vya miguu mitatu, fimbo za wazee na misalaba ya misheni. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Majirani walimhurumia kwa hilo. Yeye alimpa binti yake kisu kidogo na kipande cha mti wa mringa, akamwambia ndani ya kile kipande mna kijiko, akitoe. Alipofika miaka kumi na miwili Emérence alikuwa anachonga majani, vidole, ndevu na mikunjo ya nguo. Magogo makubwa yalimshinda nguvu, lakini vitu vidogo vilimtii.

Akaolewa na Kamate, seremala wa Butembo. Kamate alikuwa na mkono mzito. Alijua kupasua gogo na kulitoa mabega na magoti, alijua kutengeneza mlango usiopinda miaka ishirini, ila nyuso alizochonga zilivimba zote kama za mtu aliyeumwa na nyuki. Basi wakagawana kazi bila hata kukaa kuizungumza. Kamate alianza, Emérence alimaliza. Nyuso zilikuwa zake, mikono ilikuwa yake, na rangi ilikuwa yake. Walifanyia kazi katika nyumba ya mabati nyuma ya nyumba ya kulala, kwenye mteremko wa Mutiri, na watu wote wakaiita atelye ya Kamate. Nyuma ya kila sanamu Kamate aliandika kwa msumari wa moto: KAMATE, BUTEMBO. Emérence hakuona neno. Aliamini kwamba hakuna padri atakayeagiza Mtakatifu Yosefu kwa mwanamke. Tena, rangi ilipokauka, Kamate alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya ule uso na kusema kwamba huyu sasa anaweza kupumua. Hilo lilimtosha.

Walipata mtoto mmoja, Falonne. Mwaka 1997, vita ya kwanza ya Kongo ilipokwisha na watu wakadhani imekwisha kweli, Falonne aliolewa na mwalimu akamfuata Kisangani. Mwaka uliofuata vita ya pili ikaanza, nchi ikakatwa vipande, na Kisangani ikabaki upande mwingine wa vizuizi vingi. Barua mbili zilifika kwa mikono ya watu. Ya tatu haikufika.

Wanajeshi walianza kuleta bunduki zilizovunjika vitako mwaka 1999. Kamate hakuwa na namna ya kukataa. Alikata vitako vipya, akavisugua, akavifunga, nao wakaja kuvichukua wakamwachia sabuni au samaki wa chumvi, au wasimwachie kitu. Emérence hakuzigusa. Zilipokuwa mezani alihamishia rangi zake nje, chini ya upenu.

Ikaja wiki ambayo Kamate alilala na malaria. Mezani ilikuwa imebaki bunduki moja, ya komanda mmoja, na watu wake walikuwa wamesema watapita Jumamosi. Emérence aliogopa waje waikute haijaisha. Ijumaa asubuhi akakaa kwenye benchi ya mume wake, akachukua msasa. Kitako kilikuwa cha libuyu, mti mwekundu wa msitu wa Beni, nyuzi zake zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Akakisugua hata kikang'aa. Kisha akachukua kisu kidogo cha baba yake. Kwa muda wa saa mbili, ndivyo alivyosimulia baadaye, alisahau kabisa kile kitu ni cha kazi gani. Aliona tu mti mzuri ulio mtupu. Akachonga kamba ya maharagi ikipanda toka chini, ikijizungusha, na majani yake matatu matatu kama ya mashamba ya kwao Luofu. Alipomaliza ndipo alipokumbuka kwamba ni bunduki. Akataka kuyafuta yale majani, lakini kuyafuta kungekula kitako kikabaki chembamba. Akayaacha.

Jumamosi komanda alikuja mwenyewe. Aliizungusha bunduki mikononi mara mbili, akacheka kwa furaha, akawaonyesha watu wake. Kamate alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi, homa imemwacha siku hiyohiyo. Emérence alikuwa amesimama karibu yake na kikombe cha chai.

"Hii kazi ni ya nani?" komanda akauliza.

Neno lilimfika Emérence mdomoni. Kamate akatangulia.

"Ni miye njo niliitengeneza."

Komanda alisema kwamba kule Beni ana bunduki nyingi, na zote anazitaka namna ile. Ni kazi ya wiki mbili tu. Wakamngoja avae viatu. Kamate alichukua tezo, patasi tatu na sweta. Kisu kidogo alikiacha, kwa sababu hakukizoea. Gari lilipokuwa limeanza kuunguruma Emérence alikimbia mpaka barabarani akamtia kile kisu mfukoni. Hawakuambiana kitu. Watu wa komanda walikuwa wanasikiliza.

Wiki mbili zikapita, na ya tatu. Emérence akafunga chikwange, ule mkate wa muhogo, na samaki, akapanda lori la magunia mpaka Beni. Kambini walimweka nje tangu asubuhi hadi jua la saa nane, kisha mlinzi mmoja akamwonea huruma akamruhusu kuingia kidogo. Kamate alikuwa chini ya turubai, amezungukwa na vitako. Alikuwa amekonda. Hakuuliza habari za nyumba. Alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Falonne, ile kamba ya maharagi, inapandaka kwa kuume ao kwa kushoto?"

Emérence akachukua msumari na kipande cha ubao, akapiga magoti. Akamwonyesha namna kamba inavyopita nyuma kabla ya kutoa jani, namna jani la kati linavyokuwa refu kuliko ya pembeni, namna ya kulaza kisu ili ukingo usivunjike. Kamate alifuata kwa kidole. Aliomba amwonyeshe tena. Mlinzi akaita. Emérence aliondoka na mkono uliojaa vumbi la mbao, na ubao ukabaki kwa mume wake.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipomwona. Mwezi uliofuata kambi ilikuwa imehama. Dereva mmoja wa lori la mbao aliyeitwa Ézéchiel, mtu wa Beni, alimwambia kwamba alimwona Kamate huko Eringeti, kwenye njia ya Ituri, akifanya kazi chini ya kivuli chembamba, na kwamba alimpungia mkono. Emérence alikwenda Eringeti. Wakamwambia watu hao wamesonga mbele. Mbele ilikuwa msitu, na msituni hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Alifunga atelye. Patasi zilizobaki alizitia katika gunia, akazifunga kamba. Makopo ya rangi aliyaacha kwenye rafu. Pembeni kulikuwa na sanamu moja ambayo Kamate alikuwa ameianza kabla ya yote, agizo la kikanisa kidogo cha upande wa Alimbongo, jumuiya ya wakristo iitwayo shirika la Mtakatifu Ana: Ana mwenyewe amekaa, binti yake Maria amesimama magotini pake akifundishwa kusoma. Miili ilikuwa imetoka. Nyuso na mikono vilikuwa bado magogo. Emérence aliifunika kwa kitenge cha zamani, akatia kufuli mlangoni.

Kuanzia hapo akawa muuza mawese. Alinunua Beni, akauza Butembo. Njia ile aliijua kwa mashimo yake na vizuizi vyake. Sokoni wanawake walimpenda kwa kuwa hakugombana, lakini hakuna aliyemzoea. Alikuwa akijibu salamu, akapima mafuta, akanyamaza. Nyumbani alipika fufu ya mtu mmoja, jambo gumu kujifunza kuliko linavyosikika. Kwa muda mrefu sana mkono ulikuwa ukitia unga wa watu wawili, na kipande kilichobaki kikawa cha asubuhi.

Mgeni wake wa pekee alikuwa Vagheni, kaka mkubwa wa Kamate. Kila Jumapili baada ya misa ya pili alipita, akakaa kwenye kiti cha uani, akamletea habari za ukoo. Alimhesabu Emérence kuwa dada. Mara nyingine alisema pole pole kwamba familia ingependa kufanya kilio cha Kamate, ili roho zitulie. Emérence alijibu kwamba hakuna mtu aliyeuona mwili. Vagheni hakusukuma. Na kila alipoondoka, Emérence alibaki na kile kitu ambacho hakumwambia yeye wala padri: kwamba siku ile komanda alikuwa anamtafuta mtu mwingine.

Mwaka 2002, kwenye kizuizi kimoja cha njia ya Beni, waliteremshwa wote garini. Mwanajeshi aliyekuwa akikagua mizigo alikuwa amening'iniza bunduki begani, na kwenye kitako Emérence akaona majani ya maharagi. Hayakuwa yake. Jani la kati lilikuwa nene, kamba ilipanda kwa shida, na mahali fulani kisu kilikuwa kimeteleza kikaacha kovu refu. Ulikuwa mkono mzito wa Kamate, ukijifunza.

"Mama, juu ya nini unaangalia bunduki yangu?" mwanajeshi akauliza.

Alimwomba amwambie aliipata wapi. Yule mtu alikuwa amechoka tu, hakuwa mbaya. Akasema alipewa.

"Mwenye alikuwa nayo alikufa. Na mwenye alimupatia ule, hata simujue."

Kisha akawaambia wapande gari. Emérence alikaa juu ya madumu yake mpaka Butembo bila kugeuza shingo. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba lile jani, pamoja na unene wake wote, lilikuwa limegeuka sawasawa. Kamate alikuwa amelipata. Kwa hiyo aliishi muda fulani baada ya Beni, alifanya kazi muda fulani, labda muda mrefu. Tangu siku hiyo Emérence hakutaka hata kupita mbele ya maseremala wa barabara kuu. Harufu ya libuyu iliyopasuliwa ilimtoa sokoni.

Hivyo ndivyo alivyokaa hadi mwaka 2003. Mapigano ya mwisho ya kusini yalipita Alimbongo katikati ya mwaka, kisha ikatangazwa serikali ya pamoja huko Kinshasa, na njia ikaanza kufunguka kidogo kidogo. Mwezi wa tisa mtu mmoja alibisha hodi uani, koti limejaa vumbi la njia. Alisema anaitwa Henri Kambere, katekista wa shirika la Mtakatifu Ana.

"Mama, nilikuya kuangalia kama Mutakatifu Ana wetu eko."

"Eko," Emérence akajibu. "Mais hana sura. Mwenye kumumaliza haiko."

Henri alimsikiliza, akatikisa kichwa taratibu. Akasema kwamba hata wao kikanisa chao hakina paa tangu mapigano, na kwamba wakristo wanasali chini ya hema la plastiki, wale waliorudi. Wamekubaliana kukusanya vitu vyao popote vilipo. Kengele wameipata katika shamba la mtu. Sasa wanamtaka mtakatifu wao.

"Hata kama hana sura. Tutamuweka vile eko. Siye pia tuko nusu."

Emérence akatafuta ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, Henri akalipiga kwa jiwe. Ndani, popo walikuwa wamekaa. Walitoa kitenge, na Emérence akaona kwamba mti umepasuka kwa kukauka: ufa mwembamba toka juu ya kichwa cha binti hadi kidevuni. Henri aliita watu wawili wa chukudu, wakamlaza Mtakatifu Ana juu ya ile baiskeli ya mbao, wakapitisha kamba shingoni pake wakakaza. Wakaanza kumteremsha mlimani kuelekea maegesho ya malori, vile vichwa viwili vya gogo vikigonga ubao kila penye shimo.

Emérence alisimama mlangoni akawaangalia mpaka kwenye kona. Kisha akawafuata, kwanza kwa kutembea. Aliwafikia chini, karibu na daraja, hana pumzi.

Akamwambia Henri wamrudishe. Ampe mpaka Krismasi.

"Mama, ulisema mwenye kumumaliza haiko."

"Nilisema vibaya," akajibu.

Kuanza kulikuwa kubaya kuliko alivyofikiri. Patasi zilikuwa zimeoza kutu, siku nne nzima alizinoa kwenye jiwe. Kisu kidogo hakikuwapo tena, akaenda kwa mhunzi wa soko akamwomba amkatie kingine kutoka kipande cha msumeno. Kilikuwa kizito nyuma, hakikukaa vizuri kidoleni. Siku ya kwanza alijaribu juu ya kipande cha kuni, akataka kutoa jani moja tu, jani lolote. Kisu kiliteleza kikamkata shina la kidole gumba. Mikono ilikuwa imezoea madumu. Vidole vilikuwa vimenenepa kwenye viungo, na baridi ya asubuhi ya Butembo, ile ya ukungu unaokaa bondeni hadi saa nne, iliviuma. Wiki nzima alichoma kuni alizoziharibu.

Aliendelea kuuza mawese siku tatu za wiki, zilizobaki akakaa atelye. Hapo ndipo upweke ulipomjia kwa namna nyingine. Miaka ile yote alikuwa peke yake kati ya watu, sokoni, garini. Sasa alikuwa peke yake mahali ambapo walikuwa wawili. Alipohitaji gogo ligeuzwe aliinua kichwa kutaka kusema "shika huku." Alijifunza kuligeuza kwa mti wa kuinulia na kamba iliyofungwa kwenye boriti. Lilimchukua nusu ya asubuhi kila mara.

Ufa aliujaza kwa unga wa mbao na gundi. Jua la wiki moja likautoa wote, ukaanguka kama makombo ya mkate. Akajaza tena, ukatoka tena. Mwishowe alipasua kipande cha chini ya sanamu yenyewe, pasipoonekana, akakichonga chembamba kama utambi wa taa, akakigonga ndani ya ufa kidogo kidogo. Kilishika. Mti ulikubali mti wake.

Kwa uso wa Mtakatifu Ana hakuwa na mtu wa kumtazama. Zamani alikuwa akitazama wanawake waliokuja kuteka maji, au mama yake Kamate alipokuwa hai. Sasa hakuna aliyekaa mbele yake. Akatundika kioo kidogo kwenye msumari akachonga alichokiona: mashavu yaliyoshuka, mkunjo kati ya nyusi, mdomo uliofungwa. Hakujipendezesha. Aliona kwamba amezeeka, akachonga hivyo.

Kwa binti alijua tangu mwanzo kwamba atamtoa Falonne, Falonne wa miaka saba. Paji la uso lilikuja, pua ikaja, na shavu, pale ufa ulipopita. Alipofika sikioni akasimama. Hakulikumbuka. Alikuwa amekisuka kile kichwa miaka kumi na tano, amelisafisha lile sikio, amelitoboa kwa mwiba wa ndimu kwa mkono wake mwenyewe, na sasa hakujua kama ncha yake ya chini inashikana na shavu au inaning'inia. Picha hakuwa nayo. Mtu wa kumuuliza hakuwapo. Alikaa na kisu mkononi siku mbili. Kisha akashusha kitambaa cha binti kikafunika masikio yote mawili, akaenda mbele. Siku hiyo hakula.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi na moja Vagheni alipoingia moja kwa moja atelye, kwa kuwa hakumkuta uani. Alimkuta akichonga vidole vya Mtakatifu Ana juu ya kitabu. Vagheni alibaki mlangoni, kofia mkononi. Alitazama vile vidole vikitoka kwenye mti. Alikuwa ameona vidole vya namna hiyo katika makanisa mengi, na kila mahali alikuwa amewaambia watu kwa majivuno kwamba ni kazi ya mdogo wake.

Emérence aliweka kisu chini. Alijua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza hadi kaburini.

"Shemeki, keti," akamwambia. Vagheni hakuketi. "Yale majani ya kwa bunduki haikukuwa yeye. Ni miye. Komanda aliuliza, Kamate akajibu, na miye nikanyamaza."

Vagheni akakitazama kile kisu.

"Donc ni weye balikuwa banatafuta."

"Ni miye."

Alivaa kofia akatoka. Hakufunga mlango. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Kiti cha uani kilikaa kikinyeshewa, hadi Emérence akakiingiza ndani mwenyewe. Hakujutia kusema. Lakini sasa zilipita siku tano au sita bila mtu kumwita jina lake, na alianza kuzungumza na rangi.

Rangi za zamani zilikuwa zimekuwa mawe ndani ya makopo. Alinunua za nyumba, zile za wafanyabiashara wa barabara kuu, buluu ya milango na nyeupe ya dari, na za ngozi alizichanganya mwenyewe kwa udongo mwekundu uliochekechwa. Brashi nyembamba hazikupatikana. Alifunga manyoya ya mbuzi kwenye kijiti. Mtakatifu Ana alimvika kitenge cha rangi ya kahawa na njano, kimefungwa namna wanawake wa Luofu wanavyokifunga wakienda shamba. Na hapa kuna jambo: kuchonga kulirudi kwa maumivu, lakini rangi ilirudi yenyewe. Alipoweka buluu ya kwanza kwenye kitambaa cha binti, mkono ulijua kiasi cha mafuta, ulijua pa kusimama. Alifanya kazi hadi jua lilipoondoka mezani, na alipoinuka akakuta kwamba mchana wote hakumfikiria mtu yeyote. Aliogopa kidogo. Halafu kesho yake akatamani iwe hivyo tena.

Macho aliyaweka mwisho. Alirudi nyuma hatua mbili akatazama. Hakukuwa na mtu wa kusema kwamba huyu sasa anaweza kupumua, naye hakujisemea.

Henri alikuja na lori kabla ya Krismasi kama walivyopatana. Alizunguka sanamu polepole. Kisha akaomba jina, kwa sababu katika daftari la kikanisa walikuwa wameandika Kamate, na anavyoona lazima warekebishe. Emérence alimwonyesha nyuma. Alikuwa ameandika kwa msumari wa moto, herufi zimepinda kidogo: KAMATE ALIANZA. KAVUGHO ALIMALIZA.

Alipanda pamoja nao mpaka Alimbongo. Waumini hawakuwa wengi. Paa lilikuwa bado plastiki, upepo wa milimani ukilipigapiga. Wanawake walimgusa Mtakatifu Ana mashavuni, wakacheka wakisema huyu ni wa kwetu kabisa, amechoka kama sisi. Emérence alikaa nyuma wakati wa sala. Walimpa chakula, walimpa mahali pa kulala, walimpa gunia la viazi. Kesho yake akarudi peke yake, njia ndefu, kati ya viazi na kuku wa watu.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Virginie, mke wa Vagheni, alikuja kumwambia kwamba familia imeamua kufanya kilio cha Kamate, mwili uwepo usiwepo, na kwamba wanamngoja. Emérence aliuliza kama Vagheni ndiye aliyemtuma. Virginie alisema hakutumwa, ila Vagheni alimwona akivaa viatu na hakumzuia.

Akaenda. Walimketisha pamoja na wajane, kwenye mkeka. Hakuamini kwamba Kamate amekufa, wala hakuweza tena kusema kwamba yu hai. Alikaa tu, akaitikia nyimbo. Siku ya tatu, watu walipoanza kukunja mikeka, Vagheni alikuja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa hajamsemesha tangu ile Jumapili.

"Nina ulizo moja tu. Kabla Kamate aseme ile neno kwa komanda, alikuangalia?"

Emérence alirudi kwenye ule mlango, kwenye blanketi na kikombe cha chai. Alitafuta vizuri, maana hakutaka kusema uongo.

"Hapana. Hakuniangalia hata kidogo."

"Basi yeye mwenyewe hakupenda ujibu," Vagheni akasema. Akainuka, akaenda kuwasaidia wengine kubeba viti.

Jumapili hakurudia kuja kama zamani. Huja mara moja moja, mwezi huu au ujao, hukaa kidogo, hana maneno mengi. Kutoka Kisangani ilipatikana habari moja kwa mdomo wa mfanyabiashara: mwalimu na mke wake walihama mtaa, watoto ni wawili. Majina ya watoto yule mtu hakuyashika.

Emérence aliacha mawese. Mkristo mmoja wa Beni aliyeona sanamu ya Alimbongo alimwagiza mlango wa kikanisa cha kwao, uliochongwa miganda ya mpunga, na magogo ya libuyu yakaletwa yakapangwa uani. La kwanza alilipasua mwenyewe kwa kabari na nyundo ya Kamate, akipumzika kila baada ya mapigo kumi. Ilimchukua siku mbili. Siku ya tatu, ukungu ulipotoka bondeni, alikuwa ameanza kupiga mistari ya mlango juu ya mbao.